Kutoka Gome Hadi Jani Changa: Safari ya Dawa ya Saratani

Mti unaojulikana kitaalamu kwa jina la Camptotheca acuminata, ambao asili yake ni China ya kusini, ulikuwa ukitumika katika tiba ya jadi ya nchi hiyo muda mrefu kabla ya kufikishwa maabara. Leo kemikali yake ndiyo chanzo cha dawa mbili za saratani, topotekani na irinotekani. Hata hivyo, kwa takriban miaka 30 wanasayansi waliitafuta kemikali hiyo zaidi katika mbao, magome na mbegu, hadi ilipobainika kwamba hazina kubwa imo katika majani machanga, na kwamba hupungua kadiri jani linavyokomaa.

Mbegu za mti huo zilifika Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na miti iliyotokana nazo ikapandwa katika bustani ya serikali huko Chico, California. Katika miaka ya 1950, mkemia Monroe Wall, aliyekuwa mtumishi wa Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, alikuwa akichunguza maelfu ya mimea akitafuta malighafi ya kutengenezea kotisoni, na baadhi ya sampuli zake zikapelekwa katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ili zipimwe kwa panya wenye saratani. Sampuli ya mti huu ndiyo iliyoonyesha nguvu isiyo ya kawaida. Mwaka 1966 Wall, akiwa na Mansukh Wani, mkemia mzaliwa wa India, pamoja na wenzao katika Research Triangle Institute, North Carolina, alitangaza umbo la kemikali hiyo iliyopewa jina la kamptotesini.

Majaribio ya kwanza kwa wagonjwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalisitishwa kwa sababu ya madhara makali, yakiwemo kutokwa damu katika kibofu cha mkojo. Matumaini yalifufuka mwaka 1985, ilipogunduliwa namna kamptotesini inavyoua seli. DNA, yaani molekuli ndefu inayobeba taarifa za urithi, imejisokota kama kamba, na kabla ya kunakiliwa ni lazima ilegezwe na kimeng'enya kiitwacho topoisomerasi I, ambacho hukata uzi mmoja na kuuunga tena. Kamptotesini hukinasa kimeng'enya hicho kabla hakijaunga, DNA ikavunjika wakati wa kunakiliwa, na seli ikafa. Kwa kuwa seli za saratani hugawanyika kwa kasi, ndizo huumia zaidi. Hatimaye topotekani na irinotekani, ambazo madhara yake yanaweza kudhibitiwa, ziliidhinishwa Marekani mwaka 1996.

Mahitaji yalipoongezeka, swali la mahali kemikali inapokaa likawa la kiuchumi, kwani kubandua magome huweza kuua mti, ilhali majani huchipua upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa majani machanga yana takriban miligramu 4 hadi 5 za kamptotesini kwa kila gramu ya uzito mkavu, kiasi kinachozidi kile cha magome mara mbili na nusu. Sehemu ya kemikali hiyo huhifadhiwa katika vinyweleo vidogo vya ngozi ya jani, ambavyo chini ya mwanga wa urujuanimno hung'aa kwa rangi ya samawati. Kwa hiyo miti ikipogolewa ili itoe machipukizi mengi, majani machanga nayo huongezeka.

Sababu mojawapo ya tofauti kati ya sehemu changa za mti na zile zilizokomaa imo katika jeni, yaani maelekezo ya urithi yanayoamuru seli itengeneze nini. Kamptotesini huanza kwa asidi ya amino iitwayo triptofani, ambayo kimeng'enya maalumu huigeuza kuwa triptamini. Mwaka 1997 ilibainika kwamba mti huu una jeni mbili za kimeng'enya hicho: moja hufanya kazi zaidi katika ncha ya chipukizi na shina changa, na nyingine huamshwa mmea unapopambana na dalili za ukungu. Ramani ya kromosomu zake iliyochapishwa mwaka 2021 ilionyesha kuwa hapo kale mti huu ulirudufisha seti nzima ya jeni zake, na kwamba baadhi ya nakala za ziada ndizo zilizojifunza kazi mpya ya kutengeneza sumu hiyo.

Jani changa, ambalo bado ni laini na huvutia wadudu, linahitaji kinga ya kemikali kuliko jani gumu lililokomaa. Lakini seli zake ndizo zinazogawanyika kwa kasi kubwa, yaani zile hasa ambazo kamptotesini huziua. Jibu la kitendawili hicho lilipatikana mwaka 2008, wanasayansi walipoona kwamba topoisomerasi ya mti wenyewe imebadilika mahali ambapo sumu ingeshika. Badiliko mojawapo ni lile lile lililokuwa limekwisha kuonekana katika seli za saratani za binadamu zilizokuwa sugu kwa kamptotesini, kwa hiyo njia inayoliokoa jani na sumu yake ndiyo pia inayoweza kuinyima dawa nguvu mwilini mwa mgonjwa.