Baba na Sikio la Mtoto

Wazazi wengi hudhani kuwa sikio la mtoto ni udongo mbichi, hufinyangwa wapendavyo. Habari za Leopold Mozart, mwanamuziki wa mji wa Salzburg, zaonyesha vingine. Mwaka 1759 alimwandalia binti yake, Nannerl, daftari la kujifunzia kinanda. Nannerl alikuja kusimulia kuwa mdogo wake, Wolfgang, alipokuwa na miaka mitatu, alikuwa akitafuta kinandani sauti mbili zipatanazo, na kila azipatapo hufurahi. Baba akaanza kumfundisha kama kwa mchezo. Tarehe 24 Januari 1761, siku tatu kabla ya kutimiza miaka mitano, mtoto alijifunza wimbo mmoja kwa nusu saa. Baba akaliandika jambo hilo daftarini.

Lakini Wolfgang aliogopa mno tarumbeta ipigwayo peke yake. Leopold akataka kumwondolea hofu kwa nguvu: akamwagiza rafiki yake Schachtner, mpiga tarumbeta, aipulize mbele yake. Mtoto akabadilika rangi, akawa karibu kuanguka. Hofu hiyo ilidumu hata alipokaribia miaka tisa.

Baba alikuwa yule yule, na mtoto yule yule. Alipolifuata sikio la mwanawe alifaulu, alipolishurutisha alishindwa.