Masomo ya uuguzi kwa intaneti: namna ya kuyapanga kwa mwanafunzi wa Bukama

Makanisa yetu yana hospitali, vituo vya afya na shule za wauguzi. Kwa hiyo swali hili linatufikia mara kwa mara: je, kijana anaweza kusoma lisansi ya uuguzi akikaa Bukama, bila kuhamia Kamina au Lubumbashi? Tunajibu ndiyo, lakini kwa sehemu tu. Mpango mzuri ni ule unaoijua sehemu hiyo tangu mwanzo.

Kwa wasomaji wa Kivu, Ituri na Maniema: Bukama iko Haut-Lomami, kwenye mto Lualaba, mahali reli ya kutoka Lubumbashi ilipofika mwaka 1918. Kuanzia hapo watu hushuka kwa mashua kuelekea maziwa ya Upemba. Ni nchi ya samaki, ya mafuriko na, kwa huzuni, ya kipindupindu, ambacho hurudi karibu kila mwaka katika vijiji vya wavuvi. Muuguzi anayeondoka huko kwenda kusoma mjini, mara nyingi harudi. Hapo ndipo faida ya kusomea nyumbani inapoonekana, wala si katika uzuri wa kompyuta.

Tuchukue mgonjwa mmoja. Mtoto wa kilo 12, amepita mwaka mmoja, kipindupindu kimemkausha, macho yamezama, hana nguvu ya kunywa. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni mililita 100 za serumu ya Ringer kwa kila kilo: 30 za kwanza ndani ya nusu saa, 70 zinazobaki kwa saa mbili na nusu. Yaani mililita 360, kisha 840. Kama mpira wa serumu unatoa matone 20 kwa mililita, hizo 840 ni matone 112 kwa dakika. Hesabu hii inafundishika kwa simu, pengine vizuri kuliko katika darasa lililojaa, kwa maana kila mwanafunzi anaweza kupewa mtoto wa kilo tofauti na kusahihishwa peke yake. Lakini kuutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto aliyekauka, usiku, mama akilia pembeni, hakuna simu inayofundisha hilo. Linafundishwa na muuguzi mzee aliyesimama karibu.

Basi kazi ya kwanza ya mpangaji ni kupitia masomo moja moja na kuuliza: hili linahitaji kichwa, au linahitaji mikono? Fiziolojia, hesabu ya dawa, maadili ya kazi, usimamizi wa zone ya afya, takwimu, hayo yanaweza kwenda kwa intaneti. Kuzalisha, kufunga kidonda, kupima tumbo la mjamzito, hapana. Hata nchi tajiri hazijaliruka jambo hili. Umoja wa Ulaya unadai saa 4,600 za mafunzo kwa muuguzi, na angalau nusu yake iwe kazi ya kweli kando ya wagonjwa. Mfumo wa LMD, ulioanza kwetu mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu krediti 60 kwa mwaka, na ndani yake kuna kazi binafsi ya mwanafunzi. Tunaona kwamba hapo ndipo intaneti ipate nafasi yake, bila kuiba saa za staji.

Kisha kuna uzito. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid, mahali pengi kilichoitwa somo la mbali kilikuwa silabasi iliyopigwa picha na kutumwa WhatsApp. Hilo si somo, ni karatasi iliyosafiri. Wengine wanataka kinyume chake, video ya moja kwa moja kila siku. Saa moja ya video hula kwa urahisi megabaiti 500 au zaidi. Saa nane kwa juma ni gigabaiti 4, na mwanafunzi ndiye anayelipa. Sauti ya mwalimu ya dakika 10, ikibanwa vizuri, haifiki megabaiti 2. Maandishi ni mepesi zaidi. Programu kama Moodle inaruhusu kupakua somo siku moja sokoni penye mtandao, kulisoma juma zima kijijini bila mtandao, na kurudisha majibu baadaye. Kwa mwanafunzi wa Upemba, njia hiyo ndiyo inayofaa. Tarehe ya kurudisha kazi iwe na siku kadhaa za nafasi; mvua haiulizi kalenda ya chuo.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Kenya. Kuanzia 2005, shirika la AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walifundisha kwa kompyuta wauguzi wa ngazi ya cheti ili wapande hadi diploma. Walikuwa maelfu kwa maelfu, na vyuo vya bweni visingeweza kuwapokea wote. Wengi walisoma bila kuacha kazi zao, na mazoezi ya mikono yakaendelea hospitalini. Wale walikuwa tayari wauguzi. Kijana anayetoka sekondari hana kitanda cha mgonjwa cha kurudia jioni, kwa hiyo yeye anahitaji staji nyingi zaidi, na mapema zaidi.

Kanisa la mahali linaweza nini? Chumba chenye mlango unaofungwa, paneli ya jua na betri, simu mbili tatu za akiba. Tunasisitiza chumba kwa ajili ya wasichana, ambao nyumbani hupewa ndoo na jiko mara tu wanaposhika simu. Na zaidi ya chumba, mtu: muuguzi wa kituo cha afya anayekubali kwa maandishi kumsimamia mwanafunzi, kutia sahihi kila tendo alilolifanya, na kulipwa kidogo kwa saa zake. Bila yeye, tusimwandikishe mwanafunzi hata mmoja.

Kabla ya kutoza ada, chuo kionyeshe wazazi barua ya Wizara ya Elimu ya Juu inayotambua masomo hayo, na kieleze mtihani utafanyika wapi na nani atausimamia. Familia inayouza mtumbwi kulipa masomo ina haki ya kuisoma barua hiyo kwanza.