Kupita Hifadhi ya Mikumi: yanayomhusu mwenye lori

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mkoani Morogoro, ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 3,230. Inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, inayobeba mizigo ya Zambia na Kongo, inaikata kwa takriban kilometa 50. Wanaopita tu hawalipi kiingilio, lakini sheria za hifadhi zinawahusu.

Mwendo wa juu ni kilometa 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Kaskazini mwa barabara kuna uwanda wa Mkata, kusini kuna vilima vya miombo, na wanyama huvuka lami kwenda na kurudi. Semitrela iliyojaa haisimami ghafla, hasa usiku.

Faini ya kugonga mnyama huhesabiwa kwa kichwa, kwa dola za Marekani. Mabango ya barabarani yamewahi kuonyesha twiga 15,000 na simba 4,900. Faida ya safari nzima imekwisha hapo. Aliyegonga atoe taarifa kwa askari wa hifadhi.

Utingo naye huponzwa na mzoga. Swala aliyegongwa na gari jingine bado ni nyara ya serikali. Kukutwa na nyama yake bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kesi inaweza kufunguliwa kama uhujumu uchumi, huku mzigo wa mteja ukisubiri kituoni.

Maganda ya ndizi yasitupwe dirishani. Huwavuta nyani barabarani.