Mgawa Karata na Muuza Duka

Dola yetu ilianza kwa kuihodhi bahati, ikaishia kumchunguza anayeigawa. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, ilitungwa sheria ya bahati nasibu na michezo ya ubashiri. Ya mwaka 1974 ikaleta Bahati Nasibu ya Taifa, na Serikali yenyewe ikawa mchezeshaji. Soko huria lilipofungua milango ya kasino, mpangilio huo haukutosha tena. Sheria Na. 4 ya mwaka 2003 ilizifuta zote mbili na kuunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Humo ndimo lilimoingia wazo la kigeni: kwamba leseni ya mwenye kasino haitoshi, na mtumishi naye aidhinishwe yeye binafsi. Chimbuko lake si uadilifu. Uingereza ililegeza masharti ya kamari mwaka 1960, magenge ya wahalifu yakajipenyeza mezani. Ndipo sheria ya mwaka 1968 ikaunda Bodi na kumtaka mgawa karata awe na hati ya kuidhinishwa. Hofu ya London ikawa kanuni ya Dar es Salaam.

Sisi wa Shinyanga tunaifahamu hofu ya namna hiyo. Kule Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, mfanyakazi alipekuliwa mwili akitoka kazini. Kasino hupekua mapema zaidi: huchunguza maisha ya mtu kabla hajaingia. Utaratibu huu una heshima zaidi, lakini pia ni mzito, kwa kuwa anayenyimwa idhini hapotezi ajira moja tu; anafungiwa fani nzima. Kwa hiyo sababu za kunyimwa zinapaswa kuandikwa, na rufaa iwe ya kweli.

Hata hivyo, kamari ya ukanda huu haifanani na ile iliyofikiriwa na watunga kanuni. Kutoka Didia hadi machimbo ya Geita, mchimbaji mdogo hakutani na mgawa karata mwenye tai. Hukutana na dubwi kwenye kibaraza cha duka. Sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza, lakini anayetarajiwa kumzuia pale ni muuza duka au mhudumu wa baa, mtu ambaye kazi yake ni kuuza soda na kurudisha chenji, na ambaye sarafu za mtoto huyo ni sehemu ya mauzo ya siku.