Barabara ya Busia, Agosti 1990

Matatu ya Busia haiondoki Eldoret mpaka ijae, na mimi nilikuwa abiria wa pili kuingia. Basi nikapata muda wa kumfikiria mtu aliyeifunga safari hii baada ya kuambiwa asithubutu.

Agosti 1990, Waziri wa Leba Peter Okondo aliwaonya hadharani maaskofu wawili wa Kianglikana, Alexander Muge wa Eldoret na Henry Okullu wa Maseno Kusini. Wakikanyaga Busia watakiona cha moto, alisema, na huenda wasitoke hai. Muge hakuwa mtu wa kubishana magazetini na kuishia hapo. Jumanne ya tarehe 14 aliingia garini akaenda.

Kabla ya kuvaa kola alikuwa askari wa GSU, kikosi kile kile kinachotumwa kuwatawanya waandamanaji. Labda ndiyo maana vitisho havikumshtua. Alikuwa amewahi kusimama upande wa wanaotisha.

Tukapita Turbo, mahindi yakiwa yamesimama pande zote, tukashuka hadi Webuye, kisha Bungoma. Busia penyewe nilipokewa na malori yaliyojipanga yakingoja kuvuka kwenda Uganda, na foleni ile ikanikumbusha nyingine.

Mwaka 1986 KANU, chama pekee halali wakati huo, kiliamua kwamba katika mchujo wake kura ya siri iachwe. Mpiga kura asimame nyuma ya mgombea wake au wakala mwenye picha yake, ahesabiwe mchana kweupe. Aliyezoa zaidi ya asilimia 70 alikuwa amepita, hana haja ya kwenda kwenye kura ya siri. Wakenya wakauita mfumo huo mlolongo. Agosti ya mwaka huo huo wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, wakaukataa.

Hoja yao haikutaka digrii. Mchungaji atasimama mstari gani? Akijipanga nyuma ya mmoja leo, Jumapili atawashirikishaje meza ya Bwana wale wa mstari wa pili, ambao wamekwisha kumwona mgongo? Na kibarua je, tajiri wake akiwa mstari wa jirani anamkodolea macho? Mimi naona hapo imani iligusa siasa kwa namna iliyo safi kabisa: hawakumpigia debe mtu, walitetea haki ya mnyonge kuchagua bila kuogopa. Serikali haikusikia. Katika uchaguzi wa 1988 kuna mahali ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu, watu wakiutazama kwa macho yao. David Gitari, askofu mwenzake Muge, wa Mlima Kenya Mashariki, alipopaza sauti dhidi ya wizi wa kura, nyumba yake ilivamiwa usiku Aprili 1989. Alipona kwa kupanda juu ya paa.

Muge alifika Busia, akapokewa na watu, akatoka hai. Njiani kurudi, hapo Kipkaren, gari lake liligongana na lori la maziwa, akafa papo hapo. Nami nikirudi, nilimwomba dereva wa matatu apunguze mwendo tulipokaribia hapo. Akanitazama kwenye kioo, akakanyaga mafuta. Okondo alijiuzulu siku chache baadaye. Dereva wa lori alifungwa, na akafia gerezani. Wapo wengi ambao hadi leo neno ajali haliwatoki mdomoni bila kuguna.

Desemba 1991 mfumo wa chama kimoja ulifutwa, na makanisa yalikuwa na sehemu yao ya sifa. Kilichofuata hakisimuliwi sana kwenye mimbari. Kufikia uchaguzi wa 2007 kura ilikuwa ya siri, hakuna aliyelazimishwa kupanga mstari, lakini viongozi wengi wa dini walijipanga wenyewe, kila mmoja nyuma ya mgombea wa kabila lake. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi huo, huko Kiambaa, si mbali na Eldoret alikokuwa Muge, watu waliokimbilia kanisani walichomwa humo humo, kina mama na watoto. Februari NCCK ikatoa taarifa, ikakiri kwamba viongozi wa makanisa walishindwa kuukabili mgogoro ule kwa sababu nao walikuwa na upande.