Jezi ya Taifa Avae Nani: Buenos Aires 1916 na Khartoum 1957

Julai 2, 1916, jijini Buenos Aires, Uruguay iliichapa Chile mabao 4-0 katika mechi ya ufunguzi ya mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Amerika Kusini. José Piendibene alifunga mawili. Mawili mengine, yote ya kipindi cha pili, yalitiwa wavuni na Isabelino Gradín, kijana wa Montevideo aliyebakiza siku chache kutimiza miaka 19. Wachile hawakuyakubali matokeo. Walilalamika kwamba wapinzani wao wamechezesha Waafrika wawili. Waliokusudiwa ni Gradín na kiungo Juan Delgado, wazaliwa wa Uruguay wote wawili, wa kizazi cha watu waliovushwa Atlantiki utumwani.

Miaka 41 baadaye, Februari 1957, timu zilialikwa Khartoum kwa Kombe la kwanza la Mataifa ya Afrika. Ratiba ilikuwa ya timu nne: Sudan, Misri, Ethiopia na Afrika Kusini. Zilizoingia uwanjani ni tatu. Afrika Kusini ilikuwa tayari kuleta timu ya weupe watupu au ya weusi watupu, ila siyo timu moja yenye wote.

Mashindano haya huandikwa mbalimbali, moja katika historia ya samba na tango, jingine katika historia ya ukombozi wa Afrika. Mimi nayaweka pamoja kwa sababu yote mawili, siku yalipozaliwa, yalilazimika kuamua ni nani anayestahili kuvaa jezi ya taifa. Tofauti kubwa ni wakati lilipoulizwa swali hilo. Buenos Aires liliulizwa na aliyefungwa, baada ya kipenga cha mwisho. Khartoum liliulizwa na wenyeji, kabla mpira haujawekwa katikati.

Tuanze na wakubwa kwa umri. Argentina ilikuwa inaadhimisha miaka 100 ya uhuru wake, na mashindano yalikuwa sehemu ya sherehe. Walialikwa Uruguay, Brazil na Chile, kila timu ikacheza na kila nyingine, mechi sita kwa jumla. Julai 9, siku yenyewe ya maadhimisho, Héctor Rivadavia Gómez wa Uruguay alileta pendekezo la kuunda shirikisho la bara, nalo likakubaliwa. Ndilo CONMEBOL la leo. Hamu ya watu ilipita kiasi. Julai 16, Argentina na Uruguay zilipokutana kwenye uwanja wa Gimnasia y Esgrima, mtaa wa Palermo, watu walizidi nafasi, wakamwagika mpaka ndani ya mistari. Mpira ulichezwa dakika tano tu ukasimamishwa. Umati uliolipa ili kuona mechi haukukubali kurudi nyumbani hivihivi: majukwaa ya mbao yalitiwa moto, yakateketea. Kesho yake timu zilihamia uwanja wa Racing, Avellaneda, zikatoka sare ya 0-0, na Uruguay ikawa bingwa.

Katika joto hilo malalamiko ya Chile yalitupwa. Matokeo yalibaki 4-0, Gradín akaendelea kucheza na akamaliza mfungaji bora kwa mabao matatu. Hapa Uruguay inastahili sifa bila kupunguza. Nchi ndogo, iliyobanwa kati ya majitu mawili, ilichagua wachezaji wake kwa miguu yao. Gradín alikuwa na mbio za ajabu, na siyo kwa maneno ya mashabiki peke yake: mwaka 1919 alikuwa bingwa wa Amerika Kusini wa mita 200 na mita 400. Mshairi wa Peru, Juan Parra del Riego, alimtungia shairi zima. Njia aliyoifungua ilifuatwa na José Leandro Andrade, kiungo mweusi aliyetwaa na Uruguay dhahabu ya Olimpiki mwaka 1924 na 1928 na kisha Kombe la Dunia la 1930. Timu za Ulaya zilizokutana na Andrade mjini Paris zilikuwa zinaona tunda la uamuzi uliofanywa Montevideo miaka mingi nyuma.

Lakini ulikuwa uamuzi wa Montevideo, na hapo ndipo penye udhaifu. Shirikisho changa halikuweka sheria. Lalamiko moja, la mechi moja, lilipimwa, likafungwa. Aliyebeba mzigo wa jibu ni Gradín mwenyewe, kwa kufunga mabao. Kama angecheza vibaya wiki ile, sijui nani angesimama kumtetea. Tazama kilichotokea kwa jirani. Brazil ilikuwa na Arthur Friedenreich, mtoto wa baba mwenye asili ya Ujerumani na mama mweusi. Alicheza Buenos Aires mwaka 1916, na mwaka 1919 mjini Rio de Janeiro ndiye aliyefunga bao pekee katika mechi ya mwisho dhidi ya Uruguay, muda wa nyongeza, Brazil ikatwaa ubingwa wake wa kwanza. Nchi nzima ililewa furaha. Miaka miwili baadaye mashindano yaliporudi Buenos Aires, Brazil ilipeleka timu isiyokuwa na wachezaji weusi, na Friedenreich hakuwemo. Inasimuliwa kwamba Rais Epitácio Pessoa ndiye aliyetaka hivyo, ili taifa lionekane jeupe mbele ya majirani. Shirikisho halikuwa na neno, kwa kuwa halikuwahi kujipa mamlaka ya kusema. Mlango ulioachwa wazi kwa Gradín ulikuwa wazi vilevile kwa anayetaka kumwacha Friedenreich nyumbani.

Khartoum walianzia upande wa pili. Mwezi Juni 1956 wajumbe wa Afrika, wakiwamo wa Misri, Sudan na Afrika Kusini, walikutana Lisbon, kwenye mkutano mkuu wa FIFA, wakakubaliana kuunda shirikisho la Afrika. Kwa hiyo Afrika Kusini haikuwa mgeni aliyebisha hodi akafukuzwa. Ilikuwa miongoni mwa waasisi. Februari 8, 1957, kwenye Grand Hotel ya Khartoum, CAF ilizaliwa rasmi, na Abdel Aziz Abdallah Salem wa Misri akawa rais wa kwanza. Kombe lenyewe lilipewa jina lake. Mezani walikuwapo pia Abdel Halim Mohamed wa Sudan na Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia, na upande wa Afrika Kusini alikuwapo Fred Fell. Wako wanaosema Afrika Kusini ilifukuzwa, wako wanaosema ilijitoa. Kwa vyovyote, wenzake hawakulegeza sharti.

Sharti hilo lilikuwa na gharama, nayo ilionekana kwenye ratiba. Ethiopia ilikuwa ikutane na Afrika Kusini katika nusu fainali; badala yake ikapita bila kugusa mpira. Nusu fainali pekee ilichezwa Februari 10, Misri ikaifunga Sudan, mwenyeji, 2-1. Siku sita baadaye Misri iliilaza Ethiopia 4-0, na mabao yote manne yalifungwa na mtu mmoja, Mohamed Diab El-Attar, aliyejulikana kwa jina la Ad-Diba. Mashindano yakaisha. Mechi mbili! Kwa shabiki wa kandanda aliyetaka burudani, Khartoum ilikuwa karamu ya sahani moja, na Buenos Aires ya mwaka 1916 inaishinda kwa mbali.

Kwa nini basi watu wa Khartoum waliona wazi jambo ambalo wa Buenos Aires walilipita? Sidhani ni kwa sababu walikuwa watu wema zaidi. Sudan ilikuwa imejitawala kwa mwaka mmoja na wiki chache. Misri ilikuwa imetoka juzi tu katika vita vya Suez. Ethiopia ilikaliwa na Waitalia kuanzia 1936 hadi 1941, na kumbukumbu yake ilikuwa mbichi. Kwao ubaguzi haukuwa habari ya mchezaji mmoja aliyetukanwa uwanjani. Ulikuwa mfumo wa utawala walioujua kwa majina na sura za watu. Waargentina wa mwaka 1916 walikuwa na karne nzima ya uhuru, na katika karne hiyo walikuwa wamejizoesha kujiona taifa la Ulaya lililohamia kusini. Chile ilipotamka neno Waafrika kama shutuma, ilitumia lugha iliyoeleweka pande zote za meza ile.

Wala Misri haikuwa mwanagenzi aliyejifunzia soka Khartoum. Ilikwenda Kombe la Dunia Italia mwaka 1934. Kabla ya hapo, kwenye Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, ilifika nusu fainali ikafungwa na Argentina 6-0, na fainali ikawa ya Argentina na Uruguay. Kwa hiyo mapokeo haya mawili yalikwisha kukutana uwanjani, na kwa mpira peke yake Mto Plata uliuzidi Nile kwa kila kipimo. Naona ni haki kusema vilevile kwamba kwa sheria na msimamo Nile iliuzidi Mto Plata.

Kipimo changu ni uhai wa uamuzi wenyewe. FIFA iliisimamisha Afrika Kusini mwaka 1961, ikaifungulia 1963, ikaisimamisha tena 1964, na ikaifukuza 1976. Huko ni kuyumba. Afrika haikuyumba: Afrika Kusini haikurudi CAF hadi ubaguzi ulipoanza kubomolewa, ikapokelewa 1992. Mwaka 1996 ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, ikaifunga Tunisia 2-0 kwenye fainali kwa mabao mawili ya Mark Williams, na nahodha Neil Tovey, mzungu, akapokea kombe mbele ya Nelson Mandela akiwa na wenzake wa kila rangi. Timu ya namna ile ndiyo iliyotakiwa mwaka 1957.

Sisi wa Afrika Mashariki hatukuwa mezani Khartoum. Tulikuwa na Kombe la Gossage, lililoanza 1926 kati ya Kenya na Uganda kwa udhamini wa watengeneza sabuni, Tanganyika ikajiunga 1945 na Zanzibar 1949. Lakini zilikuwa timu za makoloni. Uganda ilifika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza 1962, Kenya 1972, Tanzania 1980 mjini Lagos. Tulipofika, kila mmoja kwa wakati wake, hatukukuta mjumbe yeyote akihoji rangi ya mchezaji yeyote. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha kufanywa na nchi tatu, kwa gharama ya nusu fainali moja.