Kamusi elezo ya mtandaoni katika ufundishaji wa uandishi (Kampala)

Ni mbinu ya kufundisha uandishi wa kitaaluma ambapo mwanafunzi huandika, hutafsiri au hurekebisha makala ya Wikipedia badala ya kuandika insha inayosomwa na mwalimu peke yake. Mjini Kampala inawahusu hasa wanaoandika Kiingereza kama lugha ya pili, yaani karibu wanafunzi wote wa jiji hilo.

Usuli

Kiingereza ni lugha rasmi ya Uganda tangu uhuru wa 1962. Kiswahili kiliongezwa kwa marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtaala wa 2007 unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo, lakini shule nyingi za Kampala, zenye watoto wa makabila mbalimbali, huanza na Kiingereza moja kwa moja. Mwanafunzi hufika chuoni akiwa hodari wa kujibu maswali ya mtihani, ila hajazoea kuonyesha jibu amelitoa wapi.

Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza 1922 kama shule ya ufundi, kina historia njema ya wanafunzi kuandikia umma. Jarida la Penpoint la idara ya Kiingereza, lililoanzishwa 1958, lilichapisha kazi za mwanzo za Ngũgĩ wa Thiong'o. Hiyo ilikuwa fasihi; makala ya Wikipedia ni uandishi wa maelezo, nao una masharti yake.

Kazi inavyofanyika

Wikipedia ina masharti makuu matatu: mwandishi asiegemee upande, kila dai lithibitishwe kwa chanzo kilichochapishwa, na asilete utafiti wake mwenyewe. Mawili ya kwanza ndiyo hasa mwalimu wa uandishi huhangaika kuyafundisha kwa miaka. Mwanafunzi akiandika kwamba Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, ni "soko zuri na kubwa kuliko yote Afrika Mashariki", sentensi hiyo haidumu. Mhariri asiyemfahamu ataondoa "zuri", ataweka alama ya kudai chanzo kwenye "kubwa kuliko yote", na pengine ataeleza sababu katika ukurasa wa majadiliano. Mwanafunzi atalazimika kutafuta takwimu, au kupunguza dai lake hadi lilingane na ushahidi alionao. Somo hilo humwingia kuliko alama nyekundu pembeni mwa insha, kwa kuwa limetoka kwa msomaji wa kweli.

Kila badiliko hubaki katika historia ya ukurasa. Mwalimu anaona sentensi ilivyozaliwa na ilivyonyooshwa, jambo la thamani kubwa kwa anayejifunza lugha. Maandishi yaliyonakiliwa hufutwa kwa sababu za hakimiliki.

Sharti la tatu ndilo lenye upungufu. Makala ya kamusi elezo humfundisha mtu kukusanya, kufupisha na kurejelea. Haimfundishi kujenga hoja yake. Tasnifu bado inahitaji mafunzo ya namna nyingine.

Vyanzo

Wanafunzi hutegemea zaidi magazeti: New Vision (1986), Daily Monitor (1992) na Bukedde la Kiluganda (1994). Kwa historia kuna Uganda Journal, lililoanza 1934, na kitabu cha Apolo Kagwa kuhusu wafalme wa Buganda, cha 1901. Maelezo ya mzee wa ukoo hayakubaliki mpaka yachapishwe mahali. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa ya historia yake imehifadhiwa vinywani mwa watu, hasara hiyo ni ya kusikitisha.

Vikwazo

Wikipedia ya Kiingereza huruhusu akaunti mpya sita tu kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti, hivyo darasa zima linalotumia mtandao mmoja hukwama kabla somo halijaanza. Dawa yake ni kufungua akaunti mapema nyumbani, au kumpata mhariri mwenye ruhusa ya kuzifungua.

Gharama ya bando ni tatizo kubwa zaidi. Mwaka 2012 wateja wa Orange Uganda walianza kusoma Wikipedia bila malipo kupitia mpango wa kimataifa, lakini mpango huo ulifungwa 2018. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini kote wakati wa uchaguzi, na Julai mwaka huohuo data ikatozwa kodi ya asilimia 12. Programu ya Kiwix huwezesha kusoma Wikipedia bila mtandao, si kuihariri.

Kiswahili na Kiluganda

Mwanafunzi anayetafsiri anaweza pia kuandikia Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003. Shindano la Google la 2009–2010 kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania lilizaa mamia ya makala, ila waandishi wengi waliacha baada ya zawadi kutolewa. Toleo la Kiluganda lipo na ni dogo.

Hali ya sasa

Kundi la wanawikimedia wa Uganda huendesha mafunzo ya uhariri. Tangu mwishoni mwa 2022 programu zinazotunga maandishi zimewaongezea walimu kazi, kwani hubuni hata marejeleo. Sasa kila tanbihi hufunguliwa na kusomwa.